Vitenge Vilivyotandikwa Mapema

Papa Kambale alikuwa na somo moja tu la historia alilolikumbuka lote, na somo hilo lilihusu Japani.

Alilipata kwa mwalimu Zénon, kule Butembo, akiwa kijana wa sekondari. Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, hata mwalimu ikambidi apaze sauti kama anayenadi samaki sokoni. Alisema kulikuwa na taifa la visiwani, mbali huko Asia, ambalo watu weupe walilijia na meli za kivita zinazotoa moshi mweusi, wakalitisha. Watu wa taifa lile hawakukaa wakalia. Walikwenda kujifunza. Walijifunza reli, meli, viwanda, shule na posta, na waliozaliwa wakati meli zile zinaingia walikuwa bado wana nguvu zao taifa lao lilipopigana na Urusi nzima, likaishinda. Kengele ikalia. Wenzake wakatoka mbio kwenye matope, lakini Kambale alibaki kwenye dawati lake, mdomo wazi, kama aliyeonyeshwa mlango asioujua katika nyumba ya kwao.

Somo hilo alivuka nalo mpaka wa nchi alipovikimbia vita. Alilisimulia kambini Uganda. Sasa, akiwa dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo katika ghala moja la Jordbro, nje ya Stockholm, alilisimulia kwa yeyote aliyekosea akaketi karibu naye saa ya kahawa. Gari lake la Kijapani, kuukuu lakini halijui kugoma, alilipiga kofi la upole kila lilipowaka asubuhi ya barafu. "Unaona?" alikuwa akisema. "Kazi ya watu waliojifunza hiyo."

Basi binti yake mkubwa, Emmanuella Masika, alipochagua kusoma historia chuo kikuu, na kazi yake ya mwisho akaiandika juu ya Japani, Papa Kambale alitembea wiki nzima kifua mbele. Jambo asilolijua ni kwamba kazi ya binti yake ilianzia pale pale kengele ya mwalimu Zénon ilipolia.

Emmanuella hakuwa amemficha. Alijaribu kumwambia mara kadhaa, na kila mara baba yake alikuwa ameshafika kwenye ushindi dhidi ya Urusi kabla yeye hajafungua kinywa.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe ya shukrani ambayo jumuiya ilikuwa imemwandalia kwa kuhitimu kwake katika ukumbi wa Skärholmen, walikuwa jikoni wote. Mama yake, Denise, alikuwa anapiga pasi vitenge. Christelle, mdogo wake wa miaka kumi na saba, alikuwa amelaza kichwa mezani na simu sikioni. Sombe ya majani ya muhogo ilikuwa inachemka taratibu.

"Utazungumza Kiswahili," Papa Kambale alisema. "Si Kiswidi. Kuna wazee pale. Kuna Wakenya, Watanzania, Warundi, wote wanakuja. Utaanza na zile meli nyeusi, halafu utaingia kwenye kusoma kwao, halafu utamaliza na Urusi. Pale watu watasimama, mimi nakwambia."

"Papa, haikuishia kwa Urusi."

"Najua haikuishia. Dunia haikuishia. Lakini hotuba inaishia."

"Baada ya Urusi waliichukua Korea. Kabla yake walikuwa wameshaichukua Taiwan. Halafu wakaingia China. Hicho ndicho nilichosoma miaka yote hii, Papa. Ndiyo kazi yangu."

Papa Kambale aliweka kijiko chini. Hakukasirika. Aliongea kwa sauti ya mtu anayeomba, na hiyo ilimuumiza Emmanuella kuliko ukali.

"Mama yangu," alisema, maana ndivyo alivyomwita anapotaka kumbembeleza, "wale watu watakaokuja Jumamosi, vita wanavijua. Hakuna mmoja pale wa kufundishwa kwamba jirani anaweza kuvuka mpaka akakuua. Wanafagia ofisi za Kista, wanalea wazee wa watu, wanabeba mizigo na mimi. Watoto wao wanawajibu kwa lugha wasiyoielewa vizuri. Wape kitu kimoja cha kuwanyanyua kichwa. Kimoja tu. Usiwape halafu ukawanyang'anya."

"Sluta, pappa, acha, atafanya anavyotaka," Christelle alisema bila kuinua kichwa.

"Wewe nyamaza na Kiswidi chako. Nani amekuuliza?"

Mama Denise aliinua kitenge kimoja, cha bluu chenye ndege wa njano, akakiangalia kwenye taa. Ndicho alichokuja nacho kutoka Butembo, kimefungwa tumboni chini ya gauni. "Hiki kitakuwa cha kwanza," alisema. "Masika atakanyaga hiki kwanza."

Emmanuella alitazama kile kitenge, akatazama baba yake, akanyamaza. Na Papa Kambale, kama wazazi wengi, alikuchukua kunyamaza kule kuwa ni ndiyo.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa, ingawa ulijaa kwa saa zetu, si kwa saa zilizoandikwa kwenye kadi. Papa Dieumerci, mkuu wa protokole, alikuwa amevaa suti nyeupe na skafu nyekundu begani, akipanga watu kwenye viti kama anayepanga bunge. Kwake yeye hakuna aliyeketi kwa bahati tu. Kila kiti kilikuwa na sababu yake.

Papa Kambale alipewa maiki amtambulishe binti yake. Alikuwa ameandaa maneno mengi, Emmanuella aliyasikia akiyafanyia mazoezi bafuni. Lakini pale mbele alisimama tu, akasema, "Huyu ni Masika wangu. Amesoma. Msikilizeni." Akaenda kuketi mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu kwa desturi yao mzazi humngojea mwanawe mwisho wa njia.

Desturi hiyo kila mtu pale aliijua. Mtu wa kuheshimiwa akimaliza kusema, akina mama husimama kwa vigelegele, hutandika vitenge vyao sakafuni kuanzia miguuni pake hadi kwa wazazi wake, naye hupita juu yake polepole. Vitenge vikishatandikwa, maneno yamekwisha. Kinachofuata ni kukumbatiana, halafu chakula.

Emmanuella alianza. Alianza na meli nyeusi, kama baba yake alivyotaka, kwa sababu kweli ndipo mambo yalipoanzia. Aliwaambia juu ya mwaka 1853, na jinsi mizinga ya Wamarekani ilivyoifungua kwa nguvu bandari iliyokuwa imefungwa. Aliwaambia juu ya watawala wapya walioingia mwaka 1868, wengi wao vijana, walioona kwamba wasipobadilika watamezwa kama wengine walivyomezwa.

"Wakafanya nini?" aliuliza.

"Wakaomba hifadhi!" mtu alipaza sauti kutoka upande wa Wakenya, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Karibu hivyo," Emmanuella alisema, naye akicheka. "Walituma ujumbe mkubwa uzunguke dunia kuuliza maswali. Mawaziri wenyewe, si vijana wa kutumwa tu. Waliacha nchi nyuma yao, wakapanda meli, wakaenda Amerika, wakaja Ulaya. Na mwaka 1873, wakati wa masika, walifika hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa Stockholm. Walipokelewa na mfalme. Waliangalia viwanda, waliangalia shule, na yote waliyaandika."

Minong'ono ilipita ukumbini. Emmanuella aliona watu wakitazamana kama waliosikia kwamba ndugu yao aliwahi kukaa katika nyumba wanayopanga.

"Fikirini," aliendelea. "Walikuja kwenye baridi hii. Mavazi yao yalishangaza watu, lugha yao haikueleweka. Hawakuona haya kuuliza. Hili linafanyaje kazi? Lile mnalifundishaje? Mtu anaweza kuwa mkubwa kwao halafu akakubali kuwa mwanafunzi kwa watu, na asipungukiwe na kitu. Mimi kila nikipita karibu na ikulu nawaona wamesimama pale, na nawaona wazazi wangu, miaka yao ya kwanza hapa, kwenye darasa la Kiswidi, wakirudia maneno kama watoto. Sijawahi kuwaonea haya. Naona fahari."

Mama mmoja alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Papa Dieumerci alisahau hata protokole, akaketi.

Aliwasimulia juu ya reli ya kwanza, juu ya sheria ya kila mtoto asome, wa tajiri na wa maskini. Aliwaambia juu ya wasichana wadogo waliopelekwa ng'ambo na ujumbe ule ule, na mdogo kuliko wote alikuwa bado wa kushikwa mkono. Sauti yake ilipanda yenyewe. Hadithi ile ilikuwa nzuri, naye aliipenda. Hakuwahi kuacha kuipenda. Akafika mwaka 1905, akawaeleza jinsi meli za Urusi zilivyozunguka nusu ya dunia, zikapita hata kwenye bahari ya Afrika, zikafika katika mlango wa bahari karibu na Japani, na huko zikazamishwa.

"Kwa mara ya kwanza katika zama zile," alisema, "taifa la Asia liliishinda dola kubwa ya Ulaya, na dunia nzima ikaona."

Hapo akapumua, apate kuendelea.

Hakupata. Pumzi ile moja ilitosha. Mama mmoja aliachia kigelegele kilichopasua dari, wa pili akajibu, na kabla Emmanuella hajainua mkono kinanda kiliingia kwa nguvu. Akina mama walikuwa wameshasimama. Mama Denise alikuja mbele akicheza, akakunjua kile kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, akakitandika mbele ya miguu ya binti yake. Wengine wakafuata, vyekundu, vya kijani, vya zambarau, hadi mlangoni. Papa Dieumerci alinyakua maiki. "Amina! Amina! Mnaona mtoto wetu? Na sasa, kwa utaratibu, meza ya wazee itaanza kuchukua chakula!"

Mwisho wa njia ile, Papa Kambale alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa wazi. Alikuwa analia bila kujificha, mtu ambaye Emmanuella hakuwahi kumwona akilia hata siku walipopokea habari za kifo cha bibi.

Ilikuwa rahisi sana. Hatua chache tu. Hakuna ambaye angesema amedanganya; kila alichosema kilikuwa kweli.

Emmanuella aliinua mguu. Akaona zile rangi, akasikia zile kelele, na wazo likamjia, wazi kana kwamba limetamkwa. Hivi ndivyo ilivyokuwa mwaka ule. Alikuwa amesoma habari zake kwa miezi: watu waliotawaliwa, huku na huko duniani, waliposikia habari za ushindi ule walishangilia hivi hivi, kwa moyo safi hivi hivi. Shangwe zile zikafunika sauti ya Wakorea. Hakuna aliyewasikia walipoanza kulia.

Akaurudisha mguu.

"Papa Dieumerci, naomba maiki."

"Mama, umemaliza. Kanyaga. Watu wana njaa."

"Sijamaliza."

Kinanda kilisitasita, kikanyamaza. Mikono ya akina mama ilishuka. Kuacha vitenge bila kuvikanyaga, hilo hakuna aliyewahi kuliona. "Anakataa nguo za mama yake?" mtu alinong'ona, na mnong'ono ule ukasafiri. Mama Denise alisimama katikati, hajui arudi au abaki. Mlangoni, mikono ya Papa Kambale ilikuwa bado wazi, halafu taratibu ikashuka.

Emmanuella alichukua maiki.

"Sijakataa," alisema. "Mama, kitenge hiki kimekuja na wewe kutoka mbali, nakijua. Siwezi kukikanyaga kwa nusu ya ukweli. Nipeni dakika kidogo. Watu wengi walishangilia ushindi ule kama mlivyoshangilia ninyi. Lakini Wakorea hawakushangilia. Vita vile vilipiganwa kuamua nani ashike Korea na nchi ya jirani yake. Miaka mitano baadaye Japani iliimeza Korea yote."

Mtoto mmoja aliuliza kitu kwa Kiswidi, akanyamazishwa.

"Wale waliokuja hapa kuuliza maswali, walijifunza kila kitu. Walijifunza reli na shule. Na walijifunza pia kile ambacho Ulaya yote ilikuwa inakifundisha siku zile bila kukificha, kwamba taifa haliwi kubwa mpaka liwe na watu chini yake. Walikuwa wanafunzi wazuri mno. Reli ile ile ikabeba mchele wa watu wengine, ikabeba wanajeshi. Shule zile zile zikawafundisha watoto wa Kikorea kwa lugha ya aliyewashinda, hadi lugha yao ikafukuzwa darasani. Mwaka 1931 wakachukua kaskazini-mashariki ya China, halafu vita vikaenea, na waliokufa ni mamilioni. Na mwaka 1940 Wakorea wakashinikizwa kuchukua majina ya Kijapani. Mtu unaambiwa, jina alilokupa baba yako halitufai, tafuta jina kama letu."

Jambo lililofuata hakuwa amelipanga.

"Nyumbani kwetu," alisema, "babu aliitwa Paluku, kwa sababu ndiye mwana wa kwanza. Shuleni, enzi za Wabelgiji, mwalimu mzungu alimwambia hilo si jina. Alimpa jingine. Papa ndiye aliyenisimulia. Alisema babu aliitika jina lile mchana, na jioni mama yake alikuwa anamwita Paluku, Paluku, Paluku, kama mtu anayeosha kitu kilichochafuka."

Aliogopa kutazama mlangoni. Akatazama hata hivyo. Papa Kambale alikuwa anatazama sakafu.

"Kwa hiyo sikuja kuwanyang'anya kitu, Papa. Nimekuja kuongeza. Mimi namwonea fahari Mjapani yule aliyevuka bahari kuuliza. Na namwonea fahari Mkorea aliyetoka barabarani mwaka 1919, mikono mitupu, akasema kwa sauti kwamba nchi yake ni yake, akijua risasi zinakuja. Na walikuwepo Wajapani waliopinga vita, wakafungwa na watu wao wenyewe. Nao pia. Sisi hapa tunajifunza kila siku. Watoto wetu watakuwa wahandisi, watakuwa madaktari, wengine watakuwa wakubwa wa nchi. Nataka tujifunze kama wale wa 1873. Na nataka tujue la kukataa kujifunza. Nimemaliza."

Hakuna kigelegele. Hakuna amina. Papa Dieumerci alitazama kadi yake ya utaratibu kana kwamba ingemwambia la kufanya, haikumwambia. Mama mmoja aliinama, akaanza kuokota kitenge chake.

"Kiache, mama."

Ilikuwa sauti ya Papa Kambale, kutoka mlangoni.

"Masika," alisema. Hakusema Emmanuella, wala hakusema mama yangu. "Hao Wakorea. Wako wapi leo?"

"Wapo, Papa. Walirudi kwenye majina yao, na lugha yao wanaisema. Wao pia walisoma sana." Akatabasamu. "Simu iliyo mfukoni mwako, ni wao wameitengeneza."

Papa Kambale aliitoa simu yake. Akaigeuza, akaitazama mgongoni na mbele, na uso wake ukawa na mshangao wa kweli kabisa, hadi Christelle akashindwa kujizuia, akacheka. Wakenya wakafuata, na kicheko kikaenda mstari kwa mstari kama mlango unaofunguliwa.

"Basi gari nimenunua kwa huyu," Papa Kambale alisema, "na simu kwa huyu, na habari zao sikuzijua." Akairudisha simu mfukoni. "Mwalimu Zénon alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu. Lakini kengele ililia. Kumbe alituachia nusu."

Halafu alifanya jambo ambalo watu wa Skärholmen wanalisimulia hadi leo. Vile vitenge vilikuwa vimesogea na kujikunja chini ya miguu ya waliokuwa wanacheza. Kuvitandika ni kazi ya akina mama; mwanamume hagusi. Papa Kambale alivua koti lake, akampa Christelle alishike, akapiga magoti pale mlangoni, akaanza kuvinyoosha. Alinyoosha kimoja kwa viganja vyote viwili, vile viganja vyake vipana vya ghala, akasogea kwa magoti, akanyoosha cha pili. Papa Dieumerci alifungua mdomo kumkumbusha utaratibu, akaufunga. Mama Denise alikuwa wa kwanza kwenda kumsaidia, akaanzia upande wa pili, kisha wengine wakaja. Ukumbini ilisikika nguo tu ikipapaswa juu ya sakafu.

Alipofika kwenye kitenge cha bluu, miguuni pa binti yake, aliwalaza ndege wake wa njano vizuri, mabawa yote yakaonekana. Akainuka kwa shida, akijishika goti.

"Sasa kanyaga," alisema.

"Papa, wewe inabidi unisubiri kule mlangoni."

"Kule nimeshakaa sana. Twende pamoja."

Akampa mkono. Mama Denise akatupa kigelegele, kimoja, kirefu, na safari hii hakuna aliyeharakisha. Kinanda kiliingia polepole. Baba na binti walitembea juu ya vitenge, Emmanuella akiwa amevua viatu ili asivichafue, na kila baada ya hatua kadhaa Papa Kambale alisimama akawageukia watu waliokuwa pembeni, akiwaonyesha kwa kidole.

"Mmesikia?" alikuwa akiwauliza. "Mmesikia yote? Huyu ndiye aliyenimalizia somo."